Ushuhuda wa Papa Gustave

Mwaka ule wa tisini na nane, ukimuuliza Bupe Mwaipopo anasomea nini huko Durban, alikuwa anavuta pumzi kwanza. Jibu lilikuwa refu. Baba yake mdogo kule Tukuyu, alipopigiwa simu na kuambiwa kwamba mtoto amechaguliwa kusomea tiba ya usemi na lugha, aliuliza kama kuna mtu yeyote nyumbani aliyewahi kulalamika kwamba Bupe haongei.

"Maana hapa," alisema, "shida yetu ilikuwa kukunyamazisha."

Bupe alicheka, akamweleza taratibu. Kuna watu wanapooza upande mmoja wa mwili, na maneno nayo yanaondoka. Kuna watoto wenye kigugumizi, na wengine wanaofika umri wa kwenda shule bila kusema hata "mama". Kuna wazee wanaopaliwa kila wakinywa chai, mpaka chai inaingia mapafuni. Wote hao wana mtu wao wa kuwatibu, na mtu huyo anasoma miaka minne. Baba mdogo akasema basi, asome, kanisa lao limekubali kumlipia, ila akirudi atafute jina fupi la hiyo kazi.

Kwa hiyo Bupe alisoma. Aliishi South Beach, kwenye ghorofa refu la karibu na bahari, pamoja na wasichana wengine wawili wa Kitanzania, na kila asubuhi alipanda teksi mbili, ndizo daladala za huko, kwenda chuoni, kule juu kilimani. Chuo kilikuwa na kliniki yake. Mwanafunzi anakaa na mgonjwa kwenye chumba kidogo, na ukuta mmoja wa chumba ni kioo. Wewe unajiona sura yako, lakini walimu walio upande wa pili wanakuona wewe. Ukikosea, wanaona. Ukimkata mgonjwa neno kabla hajalimaliza, wanaona pia, na hilo ndilo kosa walilolichukia kuliko yote. Mwalimu wake, Misis Pillay, alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba nusu ya kazi hii ni kujua kungoja.

Kungoja Bupe alikuweza. Kilichomsumbua ni lugha. Wagonjwa walikuwa wa Kiingereza na wa Kizulu. Kiingereza chake kilikuwa cha darasani, na Kizulu chake kilikuwa cha sokoni, cha kuomba apunguziwe bei ya nyanya. Miaka mitatu alifundisha watu kusema kwa lugha alizoazima, mara nyingi huku nesi akimtafsiria. Alikuwa anapita mitihani, lakini kwa kuchechemea. Walimu waliandika kwamba ana huruma na ana bidii, na kila mwanafunzi anajua maana ya kusifiwa hivyo.

Halafu akaja Papa Gustave.

Papa Gustave alikuwa Mkongo wa Uvira. Kwao alikuwa mwalimu wa sekondari. Durban alikuwa mlinzi wa kiwanda cha rangi kule Jacobs. Lakini huko kote hakukuwa mahali pake hasa. Mahali pake palikuwa mbele ya kwaya ya kanisa la Pasta Anicet, lililokuwa likisali ghorofani, juu ya duka la magodoro kule Point. Pale alisimama na mikono yake mirefu, akainua kidole kimoja, na watu arobaini wakavuta pumzi pamoja. Bupe alimfahamu kutoka hapo, kwa sababu na yeye alikuwa na kazi yake kanisani: alikuwa mkalimani. Kanisa lile lilikuwa na Wakongo, Watanzania, na majirani wa pale Point wasiojua Kiswahili, kwa hiyo kila lililosemwa mbele lilitafsiriwa papo hapo kwa Kiingereza. Mkalimani anasimama bega kwa bega na msemaji. Msemaji akisema "mimi", naye anasema "mimi". Msemaji akipandisha sauti, naye anapandisha. Pasta Anicet alikuwa mkali juu ya hilo. Mkalimani ni mdomo tu, alisema. Mambo ya kichwani mwake ayaache kwenye ngazi.

Mwezi wa pili Papa Gustave alianguka kazini. Alipozinduka hospitalini, mkono wa kulia ulikuwa umelala, na katika Kiswahili chote, Kifaransa chote na Kifuliiru chote alichokuwa nacho, lilibaki neno moja la Kifaransa: "bon", yaani sawa. Ukimpa maji, bon. Ukimuuliza jina, bon. Mke wake, Mama Élisabeth, aliyekuwa anasuka nywele kwenye saluni moja pale pale Point, alimpelekea habari kwamba kaka yake amefariki Uvira, akajibu bon, machozi yakimtoka. Mambo yote aliyaelewa. Njia ya kutokea ndiyo iliyoziba.

Bupe alipowaendea na kuwaambia kwamba hii ndiyo kazi anayosomea, Mama Élisabeth alimshika mikono yote miwili. Pasta Anicet naye alikubali; alisema Mungu anatumia hata madaktari, na kwamba kanisa litaendelea kuomba kila Ijumaa. Misis Pillay akafurahi kuliko wote. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani mkubwa: kila mwanafunzi atibu mgonjwa wake mwenyewe mbele ya mtahini wa kutoka chuo kingine. Misis Pillay alikwenda kubishana na wakubwa wake mpaka wakaruhusu Bupe afanye mtihani huo kwa Kiswahili, yeye na Papa Gustave, na tafsiri ifuate. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kufanyika pale. Kwa mara ya kwanza walimu wangemwona Bupe akifanya kazi bila kuchechemea.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Kliniki ilikuwa na kadi za picha, na picha zenyewe zilikuwa za mambo ya watu wengine: mtu aliyeumbwa kwa theluji, mbwa aliyevaa koti. Papa Gustave alizitazama kadi zile kwa adabu, akasema bon. Bupe akazirudisha kabatini. Siku moja, Mama Élisabeth akiwa anamfunga mume wake vifungo vya koti ili waondoke, alianza kuimba kwa chini wimbo wa kwaya, kama anavyofanya mtu yeyote mikono ikiwa kazini. Papa Gustave akaudaka. Aliimba ubeti mzima, na maneno yake yote, safi, kama hajaumwa. Wimbo ulipokwisha Bupe akamuuliza hali, akajibu bon.

Mama Élisabeth aliketi chini akalia. Bupe alikumbuka kwamba jambo hili walikuwa wamelisoma: maneno ya kusema na maneno ya kuimba hayakai mahali pamoja kichwani. Mlango wa mbele ukiziba, mtu anaweza kupitishwa mlango wa nyuma. Tangu siku hiyo kazi yao ikawa hiyo. Aliushika mkono wa kushoto wa Papa Gustave, akawa anaupigisha juu ya paja lake, pigo moja kwa kila silabi, na pamoja wakaimba maneno ya kawaida kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Ni-pe ma-ji. Ni-na ba-ri-di. É-li-sa, njo-o. Kwanza wote wawili, kisha Bupe anapunguza sauti yake, kisha ananyamaza, na mzee anabaki peke yake kama mtu anayevuka daraja. Mama Élisabeth alijifunza naye, wakawa wanafanya nyumbani, asubuhi na jioni. Bupe alirekodi kila kipindi kwenye kaseti, ili asikilize tena na kuona wapi pameteleza.

Katika maneno ya mwanzo kabisa Bupe alimpa "nimeshindwa". Alitaka mzee awe na namna ya kusema kwamba amechoka, wapumzike, badala ya kutupa kiti kama alivyofanya mwezi wa nne. Lilikuwa neno gumu kwa ulimi ule. Walilipigisha pajani majuma mengi.

Kufikia mwezi wa kumi Papa Gustave alikuwa anaomba chumvi mezani. Alikuwa anamtania Bupe. Siku aliyochelewa kwa sababu ya msongamano wa teksi, mzee alimtazama, akapiga paja, akatoa moja baada ya moja: "Tan-za-nia... po-le-po-le." Walicheka watatu mpaka Misis Pillay akagonga kioo.

Kuhusu mtihani waliongea wazi. Ulikuwa Jumanne ya kwanza ya Novemba. Bupe aliwaambia kwamba wasipofika, atapewa mgonjwa asiyemjua, na huenda akaanguka, na pesa ya kanisa la kwao inaishia Desemba. Mama Élisabeth alionekana kama ametukanwa.

"Mutoto yangu, sisi tutakuya hata kwa miguu," alisema. "Wewe njo ulimurudisha huyu mwanaume kwangu. Nitasahau je?"

Papa Gustave akapiga paja: "Ni-ta-ku-ja."

Sasa, Jumapili ile kabla ya Jumanne, Bupe alipanda ngazi za kanisa akiwa na moyo mwepesi. Pasta Anicet alikuwa ametangaza ushuhuda mkubwa, na ukumbi ulijaa; walikuwepo wageni kutoka kanisa mama la Johannesburg, na kijana wa kamera amesimama juu ya kiti. Papa Gustave alikuwa amekaa mbele, suti ya kijivu, tai. Bupe alimwona akadhani, basi, leo anarudi kwenye kwaya. Alijisikia kama mzazi siku ya shule kufunga. Hakuna aliyemwambia neno. Mama Élisabeth alikuwa anatazama viatu vyake.

Pasta alimwita Papa Gustave, kisha akamwita Bupe asimame pembeni yake, mahali pa mkalimani.

Mzee alisimama. Mkono wake wa kushoto ukashuka pajani, ukaanza kupiga. Bupe aliuona. Mzee akaanza kwa sauti zile zile mbili, ya juu na ya chini, na watu ukumbini wakadhani ni upako, wakaanza kusema amina kila akitua.

"Ni-li-ku-wa bu-bu."

Bupe akatafsiri: mimi nilikuwa bubu.

"Ni-li-en-da hos-pi-ta-li."

Nilikwenda hospitali, akasema Bupe kwa Kiingereza, na bado alikuwa anatabasamu, akingoja lifuatalo, maana aliona mdomo wa mzee unalitafuta. Alijua jinsi ya kungoja. Watu walianza kukohoa. Bupe alimtazama machoni kama anavyomtazama kliniki, kumwambia usiogope, chukua muda wako, litakuja.

Likaja. "Wa-li-shin-dwa."

Wale waliojua Kiswahili ukumbini walipiga makofi. Wale wa Kiingereza waligeuka kumtazama yeye, wakisubiri. Bupe alitazama mikono ya mzee, akatazama safu ya mbele, ambako Mama Élisabeth alikuwa bado anatazama viatu vyake. Pasta Anicet alisema polepole, bila kugeuza kichwa, "Mkalimani."

Akasema. Alisema kwamba hospitali walishindwa, kwa "mimi", kwa sauti yake mwenyewe, wazi, kama alivyofundishwa. Akasema kwamba mimi sikupata msaada kwa mwanadamu yeyote. Akasema kwamba Ijumaa moja mtumishi wa Mungu aliniwekea mikono na ulimi wangu ukafunguka. Sentensi baada ya sentensi, mzee anaipigisha pajani, Bupe anaipokea na kuipeleka mbele. Zilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuzisema, na hazikuanguka hata moja. Zilikuwa zimefanyiwa mazoezi. Mtu alikaa naye nyumbani, asubuhi na jioni, akamshika mkono, akamwimbisha. Na Bupe alimjua mtu huyo, kwa sababu alimfundisha yeye mwenyewe namna ya kushika mkono.

Ibada ilipoisha aliwakuta kwenye ngazi. Alimsalimia mzee shikamoo kama kawaida yake, naye hakuitikia kwa ule utani wake wa kila siku kwamba sisi Wakongo hatuna hiyo kitu. Bupe akauliza jambo moja tu: Jumanne mnakuja?

Papa Gustave alifungua mdomo. Mkono ukashuka pajani, ukabaki hapo, haukupiga. Ni Mama Élisabeth aliyejibu. Alisema Pasta amesema mtu aliyeponywa akirudi kwa waganga anamfanya Mungu mwongo. Kisha akasogea karibu zaidi, akateremsha sauti.

"Na zile kaseti, maman. Tunakuomba. Usizipigishe kwa watu."

Jumanne Bupe alikwenda. Alifika mapema, akapanga chumba, akaweka viti vitatu, vya wao watatu, kwa sababu hakuweza kuweka viwili. Alikaa mbele ya kioo akijitazama, akijua kwamba upande wa pili mtahini na Misis Pillay nao wanamtazama. Saa ilipopita, mlango ukafunguka, akaingia Misis Pillay peke yake. Alimuuliza mgonjwa yuko wapi, Bupe akamwambia. Alimwambia yote, hata la ngazini.

Misis Pillay aliketi kwenye kiti cha Papa Gustave. Akasema kuna njia. Mtahini yuko tayari kusikiliza kaseti, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na kumpima kwa hizo. Ruhusa ya kurekodi mgonjwa aliitoa mwezi wa tatu kwa kidole gumba. Sasa kama ameiondoa au hajaiondoa, aliyesikia ni Bupe peke yake.

"Nilikupigania kwa hili," alisema Misis Pillay. "Nawe amua."

Kaseti zilikuwa kwenye begi, kati ya miguu yake. Bupe aliwaza ile ya siku ya wimbo, Mama Élisabeth akilia nyuma ya sauti ya mumewe. Ukiisikia hiyo, huhitaji kuuliza nani alishindwa. Na aliwaza, hili nalo lisemwe, si juu ya mtahini tu. Aliwaza juu ya kuipanda nayo ile ngazi Jumapili, kuiweka kwenye redio ya kanisa mbele ya wageni wa Johannesburg, na kubonyeza. Aliuona uso wa Pasta. Jambo hilo lilimpa raha, na raha ile ikamtisha.

Alisema mgonjwa amekataa. Hana ruhusa.

Wakampa mzee mmoja mstaafu wa reli, wa Kiingereza, ambaye hakuwa amewahi kumwona. Bupe aliuliza maswali yale yanayoulizwa. Mzee alipokwama, Bupe, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kufanya kosa hilo, alimkata neno akammalizia yeye. Akafanya hivyo tena. Alikuwa anasikia mwenyewe anavyofanya na hakuweza kuacha, kama vile ile subira yote aliimaliza Jumapili pale mbele, akimngojea mtu neno la kumkana.

Alianguka. Aliambiwa arudie kliniki mpaka Juni. Baba mdogo alipopata habari hakumtania. Alisema tu atawaeleza wazee wa kanisa, na kwamba hajui watasema nini. Bupe akaanza kufanya kazi mwisho wa juma kwenye kibanda cha simu pale Point, kuwaunganishia watu Bukavu, Kigoma na Lubumbashi. Kutafsiri kanisani aliacha. Pasta Anicet alipomtumia mtu kuuliza sababu, alijibu kwamba koo linamuuma.

Mwezi wa kwanza Mama Élisabeth aliingia kibandani. Hakuwa na simu ya kupiga. Alisubiri wateja watoke, kisha akasema kwamba mzee amerudi nyuma. Yale maneno ya ushuhuda bado anayo, anayasema hata usingizini. Lakini chumvi, maji, baridi, hayo yanaanza kumtoroka. Aliomba Bupe aje nyumbani. Aje siku ambayo watu wa kanisa wako kwenye maombi, apitie mlango wa nyuma wa jengo.

Bupe alimuuliza kwa nini.

Mama Élisabeth alielewa swali lilikuwa la nini. Akajibu bila kuzunguka. Kiwanda kilimwachisha mzee kazi mwezi ule ule alioanguka. Chumba wanacholala ni cha kanisa, Pasta ndiye anayekilipia. Wageni wa Johannesburg walikuja kuangalia kama kanisa la Durban lina matunda, ili waendelee kutuma msaada. Pasta alimwambia afanye mazoezi na mume wake.

"Wewe ulitupatia maneno," alisema. "Pasta alitupatia nyumba. Ungekuwa mimi, ungechagua gani?"

"Nyumba," Bupe alijibu.

Mama Élisabeth alishtuka. Alikuwa amejiandaa kubishana.

"Ningechagua nyumba, mama. Lakini ningekuja kukuambia Jumamosi. Ningekuambia, mwanangu, kesho tutasema uongo na wewe ndiye utakayeutafsiri, tusamehe. Ningekutazama usoni. Na kama mngeniambia, pengine ningewatafsiria hata hivyo. Ninyi mliniacha nisimame pale nikimngojea baba alitafute neno. Nilimtia moyo kwa macho. Mlijua nitafanya hivyo, na mliniacha."

Mwanamke yule aliweka mkono mdomoni. Nje, ng'ambo ya barabara, Papa Gustave alikuwa amesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, na fimbo yake, akitazama huku. Hakuwa amevuka.

Bupe alimwambia Mama Élisabeth kwamba nyumbani hatakwenda, wala kwa mlango wa nyuma. Kliniki iko wazi kila Jumanne. Mzee aje mchana, apite mapokezi, aseme jina lake, na Misis Pillay atampa mwanafunzi mwingine, mzuri. Kaseti zote atamkabidhi mwanafunzi huyo, kama mzee mwenyewe ataruhusu, aanzie pale zilipoishia.

"Na wewe?"

"Mimi mkono wake siushiki tena," alisema Bupe, akageuka kushika simu iliyokuwa hailii.

Wazee wa Tukuyu walitoa nusu ya ada, kibanda kikatoa iliyobaki. Alipata mgonjwa mpya, mama mmoja wa Umlazi, akajifunza Kizulu cha kweli kwa ajili yake, na Juni akafaulu. Si kwa alama za kujivunia. Misis Pillay alimpa mkono, akamwambia kwamba ameanza tena kungoja.

Papa Gustave hakwenda kliniki. Bupe alilijua hilo kwa hakika, kwa sababu kila Jumanne, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka ile ya mwisho kabla hajapanda ndege kurudi kwao, alipita mapokezi akauliza.